Kwanza Maji, Samaki Baadaye

"Mjomba, samaki analala?"

Analala, mpwa wangu. Hulala macho wazi, maana hana kope za kuyafumba. Taa ya tangi ikizimwa, hushuka taratibu, hujibanza kando ya jiwe, akatulia. Mapezi tu ndiyo yanayotikisika kidogo. Ulikuwa umeshaliona hilo mwenyewe? Basi hongera. Mtoto anayeuliza kama samaki analala ni mtoto aliyesimama mbele ya tangi akatazama kweli, na kutazama ndiyo nusu ya kazi ya kufuga samaki.

Nusu ya pili ni maji. Hiyo ndiyo nitakayokueleza leo.

Tutatengeneza tangi kubwa la kioo, la kukaa sebuleni. Urefu mita 2, upana sentimita 60, kimo sentimita 50. Chukua kalamu, zidisha. Umepata ngapi? Lita 600. Vizuri sana. Na ndani yake tutaweka samaki wa Ziwa Tanganyika, lile ziwa refu ambalo upande huu wa Tanzania lina Kigoma, Katavi na Rukwa, ng'ambo lina Kongo, kaskazini Burundi na kusini Zambia. Ni ziwa la pili kwa kina duniani. Pale penye kina kirefu kabisa, ni mita 1,470 hadi chini. Watu wengi wanalijua kwa dagaa wake na migebuka. Lakini kwenye miamba na mchanga wa kandokando wanaishi samaki wadogo wa ajabu, ambao kwa asili hawapatikani kwingine kokote.

Mmoja wao yuko hapa. Anataka kusema. Tumsikilize.

"Hodi! Niko huku chini. Chini zaidi, kwenye mchanga. Umeniona? Mimi ni samaki jike, na urefu wangu ni sentimita 3 tu. Wataalamu wananiita Neolamprologus multifasciatus. Jina ni refu kuliko mimi! Wewe niite Mistari, kwa ajili ya hii mistari yangu ya ubavuni. Nyumba yangu ni gamba la konokono. Kule ziwani kuna konokono aitwaye Neothauma. Akifa, gamba lake hubaki chini. Kuna mahali sakafu ya ziwa imejaa magamba hayo matupu, yamelaliana. Sisi tunaingia, tunayarithi. Ninalala ndani ya gamba, ninataga mayai ndani ya gamba, na akipita samaki mkubwa, ninatumbukia ndani ya gamba. Basi! Amenikosa."

"Na mchanga unaufukua wewe?"

"Ninaufukua mimi, kwa mdomo wangu. Ninabeba mchanga mdomoni, ninautema kule. Ninabeba tena, ninautema tena. Gamba langu linazama kwenye mchanga mpaka unabaki mlango tu. Hapo ndipo ninaposema nimehamia."

Umesikia? Samaki wa sentimita 3 anachimba shimo. Kumbuka hilo, maana tutakuja kulihitaji tukifika kwenye mawe.

Sasa najua unachotaka kuniuliza.

"Mjomba, kama Mistari ni mdogo hivyo, kwa nini tusimweke kwenye bakuli?"

Swali zuri. Wakubwa wengi hawalijui jibu lake, ndiyo maana madukani wanauza mabakuli ya mviringo, na ndani yake samaki mmoja anazunguka, anazunguka, mpaka anakufa. Halafu mtoto anaambiwa samaki ni wagumu kufuga. Si kweli. Bakuli ndilo gumu.

Fikiria ua wa nyumba ya bibi yako. Ua ni mdogo, watoto kumi wanacheza, wanakula miwa, wanatupa makapi. Baada ya saa moja hakuna pa kukanyaga. Sasa fikiria ua mpana. Watoto ni wale wale kumi, miwa ni ile ile. Lakini pa kukanyaga papo. Bibi akichelewa kufagia mpaka jioni, hakuna aliyejikwaa. Tangi kubwa ni ule ua mpana. Uchafu wa samaki wachache ukimwagika kwenye lita 600, unatawanyika. Ukimwagika kwenye lita 5, ni sumu kabla ya jioni. Na joto pia ni hivyo hivyo. Maji mengi huchelewa kupata joto na huchelewa kupoa, na samaki hapendi kushtuliwa.

Kwa hiyo anayeanza ndiye anayehitaji tangi kubwa. Aliyezoea miaka mingi anaweza kucheza na dogo.

"Lakini Mjomba, samaki hali miwa. Uchafu gani huo?"

Ee, hapo umegusa penyewe! Samaki anakula, na samaki anajisaidia. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba uchafu wake mwingi hautoki nyuma. Unatokea mashavuni. Mama anapopara samaki, huwa anatoa yale mekundu yaliyo chini ya mashavu. Yanaitwa matamvua. Kwa matamvua samaki huvuta oksijeni kutoka majini, na kwa matamvua hayo hayo hutoa amonia. Kila anapopumua, anatoa kidogo. Usiku na mchana.

Umewahi kuingia choo kisichomwagiwa maji, macho yakakuwasha? Hiyo ndiyo amonia. Wewe ulitoka nje. Mistari hana pa kutokea. Amonia ikizidi, matamvua yake yanaungua, na anapanda juu kutafuta pumzi. Tena kuna jambo jingine. Maji ya Tanganyika si maji laini ya mvua. Yamebeba madini mengi, na pH yake iko karibu na 9. Katika maji ya namna hiyo, amonia ile ile kidogo huwa na sumu kali zaidi. Basi sisi tunaofuga samaki wa Tanganyika hatuna ruhusa ya kuzembea.

"Sasa nani anafagia?"

Anafagia asiyeonekana. Kwenye ua wetu wa maji kuna wafagiaji wadogo sana, bakteria. Hawa si bakteria wa kuumiza tumbo. Ni watu wa kazi. Wamegawana zamu mbili. Zamu ya kwanza inakula amonia, na inapomaliza inaacha kitu kiitwacho nitriti. Nitriti nayo ni sumu. Ndipo inakuja zamu ya pili, inakula nitriti, na inaacha nitrati. Nitrati haina ukali huo. Samaki anaivumilia kwa muda, mpaka wewe uje na ndoo uitoe.

Mtu wa kwanza kuwatenga wafagiaji hawa na kuonesha kazi yao alikuwa mwanasayansi wa Kirusi, Sergei Winogradsky, karibu na mwaka 1890. Hakuwa akiwaza samaki. Alikuwa akichunguza udongo. Jamaa za wale walio shambani, wanaolisha mahindi, ndio walio kwenye tangi letu.

"Wanakaa wapi?"

Kwenye mchanga, kwenye mawe, kwenye kioo. Lakini wengi hukaa kwenye chujio. Chujio ni chombo chenye pampu ndogo inayovuta maji na kuyapitisha kwenye sifongo, kisha kuyarudisha. Watu hudhani sifongo ni ya kunasa takataka tu. Hapana. Ile sifongo ni makazi ya wafagiaji. Ina matundu maelfu, na kila tundu lina wenyewe. Maji yanapita yakiwapelekea chakula na oksijeni.

Na hapa ndipo penye mtihani wa kila mtoto. Ukijaza tangi leo, maji ni meupe, yanang'aa, na wafagiaji hawapo. Bado hawajazaliwa wa kutosha. Wanaongezeka polepole. Wiki 4. Pengine 6.

"Wiki sita! Mjomba, wiki sita tangi tupu?"

Wiki sita, mpwa wangu. Kwanza maji, samaki baadaye.

Najua ni vigumu. Marafiki watakuja, watasema, hili tangi lenu mbona halina kitu? Wewe waambie lina kitu. Lina watu wa kazi wanajipanga. Kila siku utatia chembe chache za chakula cha samaki, ingawa samaki hayupo. Chakula kitaoza, kitatoa amonia, na wafagiaji wa kwanza watapata cha kula. Utanunua dawa za kupimia maji. Unachota maji kidogo kwenye kichupa, unadondosha matone, unasubiri rangi, unalinganisha na karatasi. Mwanzoni amonia itapanda. Hiyo ni wiki ya kwanza na ya pili. Kisha itashuka, na nitriti itapanda. Utadhani mambo yameharibika. Hayajaharibika. Ni zamu ya kwanza imeshafika na ya pili iko njiani. Siku utakayopima amonia ukakuta sifuri, ukapima nitriti ukakuta sifuri, na nitrati ipo, siku hiyo tangi lako lina wafagiaji wote. Andika matokeo kwenye daftari, tarehe na namba. Mtoto mwenye daftari la namba hizo amefanya sayansi, tena sayansi ya kweli.

Kuna njia ya mkato? Ipo moja ya haki. Kama jirani ana tangi lenye afya, lililokaa muda mrefu, muombe kipande cha sifongo yake. Kitie kwenye chujio lako kikiwa bado kimelowa. Utakuwa umeazima wafagiaji, nao watazaana haraka zaidi. Bado utapima. Bado utasubiri mpaka namba ziseme ndiyo.

Niliposema watu wa kazi, nilikumbuka mtu mmoja ambaye napenda watoto wamjue. Aliitwa Jeanne Villepreux-Power. Alizaliwa Ufaransa, akawa mshona nguo. Alipoolewa alihamia kisiwa cha Sicily, Italia, na huko akaanza kuuliza maswali juu ya viumbe wa baharini. Wenzake walitazama viumbe waliokufa. Yeye alitaka kuwaona wakiwa hai, wakila, wakijenga makombe yao. Basi mwaka 1832 alitengeneza matangi ya kioo ili awatazame. Mshona nguo! Hakuna aliyempa ruhusa, aliuliza tu akatengeneza. Miaka ishirini na mmoja baadaye, mwaka 1853, bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki ya kwanza ya kutazamwa na watu wote. Kila tangi la sebuleni leo ni mjukuu wa matangi yale.

Turudi kwetu. Kabla ya maji kuingia, kuna kazi ya mikono, na hii mfanye pamoja na mtu mzima. Lita 600 za maji ni kilo 600. Hiyo ni mifuko 12 ya saruji, bado hujaweka mawe wala mchanga, na kioo chenyewe ni kizito. Basi tangi haliwekwi juu ya kabati la televisheni. Linataka meza ya chuma au mbao nene, iliyopimwa kwa pima maji isilale upande, kwenye sakafu ya chini, karibu na ukuta. Chini ya kioo tandika karatasi nene ya povu, ili punje moja ya mchanga isije ikapasua kioo. Na liwe mbali na dirisha la jua. Jua litapasha maji, na litaotesha mwani wa kijani mpaka usimwone Mistari.

Mawe sasa. Mtoto mwenye pupa humwaga mchanga kwanza, kisha anapanga mawe juu. Muulize Mistari atafanya nini.

"Nitafukua!"

Atafukua. Atafukua chini ya jiwe, jiwe litalala, litamwangukia yeye au litagonga kioo. Kwa hiyo mawe hutangulia. Yakae chini kabisa, juu ya ubao mwembamba wa plastiki, yashikane imara hata ukiyasukuma. Mchanga uje baadaye, uzunguke mawe. Osha mchanga mpaka maji yatoke meupe. Utachoka. Osha tena.

Jiwe gani? Hapa kuna mchezo mzuri. Chukua jiwe, lidondoshee siki ya jikoni. Likitoa mapovu, lina chokaa. Jiwe la chokaa huyeyuka polepole sana na kuyapa maji yale madini ambayo samaki wa Tanganyika wameyazoea. Watoto wa Pwani, ninyi mna bahati, mawe ya chokaa yamejaa kwenu. Okota yaliyo nchi kavu. Matumbawe yaliyo hai baharini usiyaguse, yale ni nyumba za wengine.

Kisha magamba. Mistari na jamaa zake wakiwa kumi, wawekee magamba ishirini au zaidi, ili kila mmoja awe na pa kuchagua. Gamba la konokono yeyote mwenye mlango mpana linafaa, likichemshwa na kusuguliwa vizuri.

"Na maji yatoke wapi?"

Ya bomba yanafaa, lakini si moja kwa moja. Maji ya mjini hutiwa klorini ili tusiugue kipindupindu. Klorini inaua bakteria. Na wafagiaji wetu ni nani?

"Bakteria!"

Umeona? Jibu ulikuwa nalo. Klorini itawaua wafagiaji na kuunguza matamvua. Basi weka maji kwenye pipa lililo wazi, yakae siku moja au mbili huku pampu ya hewa ikiyachemua. Klorini huruka ikaenda zake. Au tia dawa ya kuondoa klorini, inauzwa pale pale panapouzwa samaki. Na ndiyo maana sifongo ya chujio haioshwi bombani kamwe. Huoshwa kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tangini, inakamuliwa mara mbili tatu, inarudi. Ikibaki na rangi ya udongo, iache. Hiyo rangi ina wenyewe.

Joto? Samaki hawa wanataka nyuzi 24 hadi 27. Aliyeko Iringa, Arusha au Nairobi atahitaji hita ya tangi, hasa miezi ya Juni na Julai. Aliyeko Dar es Salaam au Mombasa atakuwa na shida ya kinyume. Mwezi Februari maji yakikaribia 30, aelekeze feni ndogo juu ya uso wa maji. Maji yanayopaa kuwa mvuke huondoka na joto.

Wiki sita zimepita. Daftari limejaa. Amonia sifuri, nitriti sifuri. Sasa ndiyo, mpwa wangu. Sasa samaki.

Lakini si wote siku moja! Kumbuka wafagiaji wako ni wengi kiasi cha uchafu waliozoea. Ukileta samaki thelathini asubuhi, ua unafurika mchana. Leta wachache, subiri wiki mbili, pima, leta wengine. Mimi ningeanza na jamaa wa Mistari, chini kwenye mchanga. Kisha jozi moja ya Julidochromis, samaki wembamba weusi kwa weupe, ambao hukaa mapangoni mwa mawe na huogelea hata tumbo juu, wakifuata dari ya pango. Mwisho kundi la Cyprichromis leptosoma, kumi na wawili hivi, wa kukaa juu, ambako hakuna mwingine. Hao ndio wanaolipa tangi uhai. Jike lao hutaga yai moja katikati ya maji, akageuka haraka akalidaka kwa mdomo kabla halijafika chini. Hulea mayai na watoto mdomoni karibu wiki tatu. Ila ni warukaji. Tangi liwe na mfuniko.

"Mjomba, na kuhe je? Babu yangu wa Kigoma anasema kuhe ndiye samaki mtamu kuliko wote."

Babu yako anajua. Na ajabu ni kwamba kuhe ni wa ukoo mmoja na Mistari! Ukoo wao unaitwa sikilidi. Perege na sato unaowala na ugali nao ni sikilidi. Kuhe ni miongoni mwa wakubwa kabisa wa ukoo huo duniani, huzidi sentimita 60, na anakula samaki wenzake. Tangi letu kwake ni kitanda kifupi. Tumwache ziwani.

Mistari ananivuta mkono. Kuna mwingine anayetaka nikutahadharishe juu yake.

"Yule mwenye ndevu! Jamaa ya kambare, ana madoa meusi mwilini. Mwambie asimlete! Kule ziwani anavizia samaki anayelea mayai mdomoni. Yule mama anapotaga, huyu anapita kwa kasi, anataga ya kwake katikati. Mama anaokota yote, hajui. Watoto wa yule mwenye ndevu wanaanguliwa mapema, wanakula watoto wa mama mwenye mdomo. Mama anabaki kulea wageni."

Ni kweli tupu. Anaitwa Synodontis multipunctatus, na wanasayansi wamemchunguza sana. Ukikua ukawa mtafiti, nenda ukamwone. Kwenye tangi hili, hapana.

Kulisha ni kazi fupi. Mara moja au mbili kwa siku, kiasi wanachomaliza kwa dakika mbili. Samaki atakuja kwenye kioo, atakutazama, atakuonesha njaa kubwa. Usimsikilize. Chakula kisicholiwa kinakuwa nini?

"Amonia!"

Hujasahau.

Kila wiki, siku moja, chota robo ya maji, lita 150. Ni ndoo saba na nusu za lita 20. Tumia mpira, ujaze maji kwanza, upande mmoja tangini na mwingine ndoo iliyo chini, maji yatashuka yenyewe. Rudisha maji yaliyokaa pipani, taratibu, yenye joto linalokaribiana na la tangi. Na yale uliyotoa usiyamwage barabarani. Yana nitrati, na nitrati ni mbolea. Mchicha wa nyuma ya nyumba utayapokea vizuri sana. Mimi nasema bustani ndogo na tangi kubwa ni vitu vya kukaa nyumba moja.

"Umeme ukikatika?"

Nilikuwa nalisubiri hilo. Sikiliza kwanza habari ya ziwani. Tanganyika ina kina cha mita 1,470, lakini samaki wanaishi sehemu ya juu tu. Chini ya mita 200 hivi hakuna oksijeni kabisa. Upepo unachanganya maji ya juu, hewa inaingia. Kule chini upepo haufiki. Tangini, upepo wetu ni pampu. Umeme ukikatika, uso wa maji unatulia, na hewa haiingii ya kutosha. Samaki wakiwa wachache katika lita 600, saa chache wataziweza. Usiwalishe. Ukiwa na pampu ndogo ya betri, iwashe. Huna? Chukua jagi, chota maji, yamwage tangini kutoka juu, yapige uso wa maji. Chota, mwaga. Chota, mwaga. Pokezaneni na ndugu zako. Giza likizidi saa kadhaa, wafagiaji waliofungiwa ndani ya chujio nao wanakosa pumzi. Umeme ukirudi, suuza ile sifongo kwenye ndoo ya maji ya tangi kabla ya kuwasha chujio, ili uozo wa ndani usirudi kwa samaki.

Miezi itapita. Asubuhi moja utainama na kuona vitu vidogo kama nyuzi za pamba, vyenye macho, kwenye mlango wa gamba. Watoto wa Mistari! Yeye na jamaa zake hawawafukuzi watoto wao. Wanakaa ukoo mzima pamoja, wakubwa kwa wadogo. Ndiyo maana baada ya mwaka kumi huweza kuwa hamsini.

"Mjomba, tangi likijaa, tuwapeleke mtoni?"

Hapana, mpwa wangu. Hili nakuomba sana. Si mtoni, si bwawani, wala si ziwani, hata kama ni Tanganyika kwenyewe, maana samaki wa ufuko mmoja si sawa na wa ufuko mwingine, na hujui wako walitoka upande gani. Nenda ukawaulize wavuvi wa Mwanza habari za sangara. Alipandwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka, na sikilidi wadogo wa aina nyingi, wanasayansi wanasema labda mia mbili, wakatoweka. Wengi wao hawajarudi.

Wanaozidi tunawagawa. Kuna mtoto mtaa wa pili ambaye tangi lake limekaa wiki ya tatu, anapima kila jioni na nitriti yake bado iko juu. Jumamosi tutamkatia kipande cha sifongo yetu, tukipeleke kikiwa kimelowa. Namba zake zikifika sifuri, tutampelekea wanane wa ukoo wa Mistari pamoja na magamba yao. Nani ana ndoo yenye mfuniko?